Asilimia Arobaini

Mwezi wa saba, Tengeru, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba nyuma ya karakana
na Profesa Aikande Nanyaro amevaa kofia ya sufu,
glavu zake zimekatwa vidole.
Anagusa ubavu wa betri kwa mgongo wa mkono
kama anayempima mtoto homa.
"Huyu kalala vibaya," anasema.
Kipimajoto kinasema kumi na moja.

Siku ya kwanza hakuandika mlinganyo hata mmoja.
Alimleta Lomayani, dereva wa bodaboda ya umeme,
akamsimamisha ubaoni, kofia ngumu kwapani.
"Waambie."
Akasema: kioo kilisoma arobaini.
Arobaini kwa mia, kwa macho yangu haya mawili.
Nimempakia mama na trei sita za mayai,
tunapanda Ilboru, asubuhi ya baridi,
na pikipiki ikazima kimya, kama mtu aliyesusa.
Mama akashuka, akajitwisha mayai yake,
akanilipa asilimia arobaini ya nauli.

Tulicheka. Profesa hakucheka.
"Nani alimdanganya?"
Tukasema betri. Tukasema kioo. Tukasema baridi.
"Mhandisi," akasema.
"Alipewa namba moja, akaiamini."

Betri si pipa la dizeli, akasema, utumbukize kijiti usome.
Unapewa volti, unapewa mkondo, unapewa joto la ngozi.
Ya ndani unakisia.
Kisia. Pima.
Vikitofautiana usione haya,
igawe imani yako, hii ya hesabu, hii ya chombo,
kisha kisia tena,
mara kumi kwa kila sekunde,
na usitarajie siku ya kumaliza.

Mimi zamu yangu ilikuwa ya usiku.
Umeme ukakatika saa tatu, usingizi ukanichukua saa nne,
na alfajiri nikachora mchoro mzuri,
unateremka taratibu kama barabara ya kwenda Moshi.
Aliutazama muda mrefu.
"Namba zako zimepigwa pasi," akasema.
Hakupaza sauti. Heri angepaza.
Alinipa blanketi, chupa ya chai ya tangawizi
na seli namba saba.
"Kalale nayo."

Zilikuwa kumi na mbili, zimeshikana kwa mfuatano.
Ya saba ilichoka kwanza,
na kidhibiti kikazisimamisha zote,
kumi na moja zikiwa bado na nguvu mwilini
na hakuna wa kuziruhusu.
Nilikaa nazo. Maji yalipita mferejini.
Mbwa wa mlinzi alibweka, akanyamaza, akabweka.
Saa nane niliandika: *volti imepanda yenyewe, sijui kwa nini*.
Saa tisa kasoro: *umeme hakuna, naandika kwa tochi*.
Saa kumi: *vidole vimeganda, soma kwa tahadhari*.
Karatasi ilikuwa chafu, ina chai.
Profesa aliikunja mara mbili akaitia kwenye mkoba,
akaingia darasani, akafundisha sura ya nne.

Mwezi wa nane tulimfungia Lomayani kidhibiti kipya.
Asubuhi ya kwanza alirudi amefura.
"Mmenipunguzia betri! Jana arobaini, leo thelathini na moja!"
"Hatukupunguza kitu," Profesa akasema. "Tumekwambia."
"Na hii sita pembeni?"
"Hiyo ni sita ya kukosea kwetu. Juu au chini."
Akaitazama kama chenji pungufu,
akavaa kofia, akaondoka bila kuaga.

Hakuja kutushukuru.
Tulimsoma kwenye kumbukumbu za kidhibiti, Jumatatu:
saa mbili na dakika sita, mkondo mkubwa, mlima;
unaendelea, unaendelea, seli ya saba inahema;
kisha sifuri, dakika nne nzima,
pikipiki imesimama juu kabisa,
labda mtu anashusha mayai, trei moja moja.