Kubisha

Mwera ukianza ziwani, usichague tiara kwa hasira.
Mwaka jana nilichagua hivyo: mita kumi na mbili.
Nikapaa kama gazeti, nikatua karibu na mdomo wa Lufilyo,
nikarudi Matema kwa miguu, ubao kichwani,
wavuna mpunga wakiniuliza mlango nauza bei gani.

Leo nina mita tisa, yenye kiraka cha Asajile, fundi turubai,
na ubao mpana, mzito kidogo, mapezi marefu.
Ule mwembamba ni wa kujionyesha.
Huu ni wa kufika.

Gwamaka alinifundisha huku anamenya ndizi:
"Tiara ishushe, ikaribie maji. Egemea visigino.
Mabega yaelekee utakako, macho yatangulie.
Usiitazame tiara, yenyewe haijui njia."
Na wimbi?
"Likija legeza magoti, lipande kwa mshazari.
Ukishateremka ndipo ukaze."

Watu wa pwani huita kubisha:
huku kidogo, kule kidogo,
kama mwanamke anayebishana na baba mkwe
bila kumtazama usoni.

Mkato wa nne, nimepata hatua thelathini.
Wa saba, nimepoteza kumi.
Napima kwa mwamba mmoja tu,
ule uliopakwa chokaa na ndege.

Ikombe, jua limeshajificha.
Shangazi Tupokigwe anasugua chungu kwa kokoto,
haulizi nimekujaje.
Anatazama maji yanayonidondoka.
"Simama kule," anasema. "Hivi bado vibichi."