Kigoda

Kitabu kilifika mezani pangu, hapa Kamuli,
kimefungwa kwa kamba ya katani,
mgongo umeliwa na mchwa.
Mwalimu Mkuu Balidawa aliacha agizo:
shona upya, paka gundi,
futa kila alama ya penseli.

Picha zina miaka mia na hamsini na ushei.
Wazungu walizichonga kwenye mti mgumu.
Nilipitisha kidole nikaijua kazi,
maana baba yangu, kule Bombo, alichonga mihuri:
unapokata, wino haushiki.
Basi binti mfalme huyu, mweupe hivi, anayeng'aa hivi,
ni pale mti ulipotolewa.
Ni shimo.
Na mjakazi wa pembeni, mistari juu ya mistari,
ndiye mti uliobaki.

Nilikaa na jambo hilo hadi chai ikapoa.

Ukurasa wa arobaini na moja ni karamu.
Mfalme ameketi. Malkia ameketi.
Hata mbwa ana mto wake.
Mjakazi amesimama na sinia, shingo imepinda,
na maneno yaliyo chini ya picha hayamtaji.
Lakini mtoto fulani, sijui wa mwaka gani,
alimchorea kigoda nyuma ya magoti,
cha miguu mitatu, kama vya jikoni kwetu,
penseli imekandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Nilichukua raba. Kazi ni kazi.
Mguu mmoja ulikwisha kutoka
alipoingia Naigaga, mpishi wa watoto mia nne,
ambaye hakuwahi kukaa darasani.
Akainama juu ya bega langu.
"Sinia hilo zito," akasema. "Ona kidole gumba."
Akanyamaza. Kisha:
"Waliokaa wanatazamana. Yeye anatazama mlango.
Anajua nani anakuja."
Akamfunika binti mfalme kwa kiganja chenye unga wa posho.
"Haya, sasa soma."

Nikasoma.
Ukumbi mzima ulihama.
Mishumaa, vyombo vilivyosuguliwa, mikunjo ya kitambaa cha meza,
kila kitu kilikuwa na alama ya mikono yake.

"Na kigoda unakifutia nini? Ulimpa wewe?"

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati; nikajifanya sikusikia.

Nilishona. Nilipaka gundi.
Nilifuta hesabu za kujumlisha ukurasa wa tisa,
jina la Waiswa mara kumi na nne,
masharubu ya malkia, ingawa yalimpendeza.
Balidawa alihesabu kurasa, akatia sahihi,
kitabu kikarudi kabatini.

Usoni mwa binti mfalme pamebaki ukungu wa unga.
Unga si penseli; agizo halikuutaja.
Na nyuma ya mjakazi, kigoda cha miguu miwili
kimesimama hivyo hivyo.