Mgeni wa Solveig

Asubuhi ile nilipiga simu kumi na moja.
Kumi zilijibiwa hapana, kwa adabu:
huyu ana harusi ya bintiye ufukweni,
yule anauza nyumba, na nani atanunua
bahari yenye maiti?
Ya mwisho aliipokea Solveig Haugen,
mjane, karani wa posta mstaafu.
Aliuliza swali moja: "Ana urefu gani?"
Mita kumi na mbili, nikasema.
"Basi, ataenea."

Tulimvuta kwa boti, mkia mbele, maji yalipojaa,
tukamfunga kwenye gogo la mwerezi
lililolala pale tangu mumewe yu hai.
Maji yakapwa. Akabaki.
Nyangumi wa kijivu, jike,
kichwa kimejaa vijikombe vigumu vyeupe,
jicho dogo, limefumbwa nusu,
kama la mtu anayesikiliza kwa heshima
hadithi asiyoielewa.

Tukampasua. Mafuta ya chini ya ngozi,
yaliyopaswa kututelezesha sote,
yalikuwa makavu kama mkate wa juzi.
Tumboni: tope, nyasi za bahari,
kipande cha kamba ya kijani.
Kwenye fomu niliandika "njaa", nikafuta,
maana fomu hutaka neno la kitaalamu.
Kisha nikaliandika tena.

Alikuwa anatoka Meksiko, kwenye maji ya vuguvugu wanakozaa,
akielekea Aktiki, kwenye meza yao.
Hula majira moja, wakaishi kwa akiba mwaka mzima.
Hulala ubavu, hufyonza tope la chini,
hulikamua kwenye mabamba ya kinywa
kama mpishi akamuavyo tui.
Ila huko juu barafu siku hizi inawahi kuondoka,
na vijidudu vya topeni vimeadimika.
Kifumbu kizima; nazi hakuna.

Babu wa babu yake Solveig alichemsha mafuta yao.
Aliniambia bila kushusha macho.
Zamani zile waliwaita samaki wa shetani,
kwa sababu mama aligeuka
akavunja mashua kwa ajili ya mwanawe.
Walibaki wachache. Sheria ikaja. Wakarudi, maelfu,
nasi tukapiga makofi, tukafunga faili.
Tulidhani kumlinda mtu ni kuacha kumpiga.
Hatukuuliza atakula nini.

Siku ya tatu harufu ilipanda hadi barabarani.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
lakini huyu alikuwa ameshaanza kulima:
tai wawili, kunguru wasiohesabika, kaa,
na usiku mnyama fulani aliyeacha nyayo ndogo
zilizokuja nyepesi, zikaondoka nzito.
Solveig alimwaga chokaa kwa koleo la theluji.
Jirani, Pruitt, aliandika barua ya malalamiko,
kurasa mbili.
Wiki iliyofuata akaja na mfuko wa chokaa begani,
akautua, akaondoka bila salamu.

Watoto wa shule waliletwa, wamebana pua.
Mmoja akauliza kama ana jina.
"Analo," Solveig akasema. "Hakututajia."

Kufika Oktoba ilibaki mifupa.
Taya moja ilikwenda shuleni,
ubavu mmoja ukachukuliwa na dhoruba,
uti wa mgongo yeye akauacha palepale,
pingili moja akaifanya kigoda cha kuvulia viatu.

Machi, saa moja asubuhi, simu yangu ililia.
"Kuna mmoja anapita."
Mnene? nikauliza. Ndiyo salamu yetu siku hizi.
"Kutoka hapa sioni. Mvuke unapanda, unagawanyika juu,
kama moyo anaouchora mtoto."
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likichemka,
halafu yeye, kwa sauti ya chini, akihesabu:
mbili. Tatu.

Mifuko miwili ya chokaa bado iko gereji.
Hajairudisha dukani.