Dakika ya Kumi na Tisa

Ucha, mtoto wa kaka yangu, hujifunza kwa masikio.
Anakaa jikoni, miguu juu ya sanduku la viazi,
na yule mwalimu wa kwenye video anaropoka mbio
kama mtu anayekimbizwa na bili ya umeme.
Hata hivyo Ucha anamwongezea kasi,
mara moja na nusu, mara mbili,
mpaka sauti ya mtu mzima inakuwa ya chiriku.

Mimi ni wa karatasi.
Miaka ishirini na sita nimekaa nyuma ya kioo
katika stesheni ya reli ya Kutaisi,
nikisoma ratiba kwa ncha ya kidole:
treni ya Batumi, treni ya Tbilisi, safu, mstari, saa.
Walipoleta mashine ya kukata tiketi
walinipa saa ya ukutani na keki,
nikarudi nyumbani kwa basi,
keki mapajani, saa ikihesabu kwapani.

Nikasema: kama mashine imenila,
nami nitajua meno yake yamepangwaje.

Nikachapisha kurasa mia moja na arobaini
dukani kwa Guranda, karibu na maktaba.
Akauliza, "Ni nyaraka za talaka?"
Nikamwambia, karibu sawa.

Kurasa hazina haraka.
Nikikwama kwenye kitanzi, kitanzi kinaningoja.
Naweka kikombe juu ya sura ya nne,
naenda kugeuza mikate ya maharage,
nikirudi neno liko palepale,
halikunywa chai yangu, halikunicheka.
Pembeni naandika kwa penseli: kwa nini?
Kurasa tatu mbele najijibu: ahaa.
Video huwezi kuikunja pembe.
Ukipitwa na neno moja unarudi nyuma, unapitiliza,
unaangukia salamu, na tangazo la magodoro,
na "karibuni tena marafiki,"
nawe hujamjua rafiki hata mmoja.

Hayo nilimwambia Ucha. Alicheka mpaka viazi vikatikisika.
"Shangazi, hicho kitabu chako kinadanganya.
Kila mfano unakubali mara ya kwanza!"

Nilikasirika.
Kisha usiku programu yangu,
ndogo tu, ya kupanga treni zisizokuwepo tena,
ikagoma.
Nilikagua mstari kwa mstari
kama nilivyokuwa nikikagua noti bandia.
Kila herufi ilifanana na ya kitabuni. Kila herufi.
Na bado ule wekundu wa skrini ulinikodolea
kama abiria aliyeachwa na treni akanilaumu mimi.

Saa nane usiku nikafungua ile video, kwa aibu,
sauti chini kabisa, mtoto asinisikie.
Dakika ya kumi na tisa mwalimu akanyamaza.
Mbio zote zikamwisha. Akajikuna sikio.
Skrini yake nayo ilikuwa nyekundu.
"Mm," alisema. "Ngoja."
Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta.
Mbwa akabweka nyumbani kwake, nchi nisiyoijua.
Hatimaye macho yakampanda juu, taratibu, akaona:
faili hakulihifadhi.
"Mara mia nimefanya hivi," alisema, "na nitafanya tena."

Faili.
Nami sikulihifadhi.
Nani angeliandika hilo kitabuni?
Mwenye kitabu alishaoga, alishachana nywele,
akatujia na jibu mkononi, limepigwa pasi.

Nikabonyeza. Treni ya Batumi ikatoka,
saa mbili na dakika kumi, jukwaa la pili,
bila abiria, bila kuchelewa.

Pembeni mwa sura ya nne nikaandika:
hapa mwalimu hujikuna sikio.

Juzi nimezikuta kurasa zangu kitandani kwa Ucha,
sura ya saba ina doa la jemu,
na swali langu moja limejibiwa kwa wino,
kwa mwandiko wa kuku aliyelewa.
Sikumuuliza.
Naye hajaniuliza kwa nini video yake,
kila akiifungua,
inaanzia dakika ya kumi na tisa.