Vidole Vinne vya Fenda

Murungi ametandika gunia la mbolea kivulini mwa bati
na juu yake anazipanga zana kama mkunga.
Gurinda ya buluu, iliyofungwa selotepu shingoni.
Mkasi wa bati, mpini mmoja mwekundu, wa pili umechunika.
Msumeno wa chuma. Tupa tatu. Na patasi
ambayo ananiambia nisiitazame, hata kuitazama tu.

Bampa limeegemea ukuta, chuma kitupu, kilo themanini.
Limenigharimu ng'ombe mia nne, kuwachanja mmoja mmoja
kutoka Isinya hadi Namanga.
Ni zuri. Haliingii.
Vidole vinne vya fenda vimekataa kulipisha,
kila upande vinne,
na fenda zenyewe hazina kosa: hazina kutu, hazijagongwa,
mkopo wake nimeumaliza mwezi wa pili.

"Chagua, daktari," asema. "Pajero ni yako."
Kana kwamba najua.
Mimi nimezoea kukata kinachovuja damu.

Gurinda ina haraka, anaeleza, hukata kabla hujaamua.
Cheche zake zikitua kwenye kioo, kesho ukiosha
utaona vidoadoa, utavidhania vumbi, utasugua:
ni chuma, kimejizika humo.
Na joto hula rangi, na palipoliwa rangi kutu hujialika.
Mkasi hauna cheche, ila hupinda mdomo wa bati,
na penye mkunjo wa mara mbili hukwama
kama meno kwenye fundo la muwa.
Msumeno ni mpole. Msumeno ni kesho.

Wafubwa, mwenye mitungi ya gesi, acheka toka ng'ambo ya mtaro:
"Leteni huku! Dakika mbili!"
Murungi hamjibu. Anainama, ananionyesha nyuma ya fenda
mkufu wa nyaya, bomba la maji ya wipa,
plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu.
"Moto," asema, "haubishi hodi."

Nachagua gurinda, kwa diski nyembamba ya milimita moja.
Otwori abandika selotepu ya karatasi, achora mstari,
aufuta, auchora tena nusu kidole chini.
"Tuache nyama kidogo. Tupa itamaliza."
Blanketi kuukuu nalilowesha, nafunika kioo mwenyewe.

Kariobangi nzima ilikuwa inalia tayari,
masufuria, mageti, masanduku ya watoto wa bweni,
lakini mlio huu nausikia kwenye magego.

Kisha stima inapotea.

Mtaa unanyamaza hivi, mtu akikohoa unamjua.
Mstari umefika chini ya taa, nusu ya safari.
Tunasubiri chai moja. Tunasubiri ya pili.
Wafubwa hacheki tena, anatutazama tu.

Ndipo Murungi anauvua ubapa wa msumeno kwenye fremu,
anauviringishia kitambaa upande mmoja uwe mpini,
anaupenyeza mahali ambapo ngumi haipiti,
na kuanza: kwenda, kwenda,
kurudi bila kugusa,
kupuliza vumbi, kwenda.
Nashika bati lisitetemeke.
Kazi hii vidole vyangu vinaijua:
ni kumtuliza ndama, mwenzako akitafuta mshipa.

Saa kumi na moja kipande kinaanguka
kwa kelele ndogo kuliko ya kijiko.
Tupa. Msasa. Rangi ya kuzuia kutu, ikauke, tena.
Bampa la kujaribia tunaliinua watu wanne,
wa nne ni Wafubwa, amekuja bila kuitwa.
Otwori apitisha kidole katikati ya chuma na fenda,
kile chenye plasta, polepole, juu hadi chini.
Kinapita.

Fenda ya pili ni kesho.
Stima irudi, isirudi, nimesema msumeno.
Murungi akunja gunia lake bila neno
na kipande ananiwekea kwenye kiti cha abiria,
rangi ya fedha juu, kijivu chini.
Nafika Roysambu kabla ya kugundua
kwamba nimekifunga mkanda.