Hesabu ya Ufagio

Saa mbili usiku nafunga mlango wa mbele,
nazima feni inayonyonya moshi wa baruti,
nachukua ufagio.
Nje, Minot imelala chini ya theluji ya Februari;
ndani, ghala hili lililokuwa la viazi
lina njia sita za kulenga shabaha
na sakafu isiyojua kusema uongo.

Kinywa ni jumba la maneno. Pale kaunta
nimesikia habari za bastola kubwa kubwa:
arobaini na nne inayomlaza dubu chali,
ya chuma cheupe iliyochorwa jina la babu,
ile ya Italia ambayo haijaguswa na jasho.
Wanaume huzitaja kwa sauti ya chini,
kama watu wanaotaja mashamba waliyo nayo mbali.

Mimi hufagia.
Na ninachofagia, siku sita kwa wiki, ni vidogo:
maganda ya ishirini na mbili, membamba, mepesi,
yanayojipenyeza kwenye nyufa kama punje za mtama
na kunifuata nyumbani ndani ya soli za viatu.
Baada yake ya milimita tisa, ndoo na nusu.
Ya arobaini na nne? Kiganja kimoja.
Siku ya mshahara, viwili.

Tanner Keplin aliileta yake mpya baada ya Krismasi,
dola elfu moja na mia nane, na taa chini ya mtutu.
Akapiga sita. Asante ya punda.
Akakaa kwenye benchi akikunja na kukunjua vidole,
akaniuliza, bila kunitazama,
kama tunakodisha ile ndogo ya wanafunzi.
Alipiga mia mbili, akicheka peke yake.

Muuguzi Odette Schaan hana anasa hiyo.
Hupiga ile anayoibeba, milimita tisa, fupi, nyeusi,
risasi hamsini kila mwisho wa mwezi,
kwa sababu barabara ya kutoka hospitali ni ndefu
na kuna mwanamume mmoja anayelijua gari lake.
Haipendi. Huipiga kama mtu anavyolipa bima,
ananawa mikono, anaondoka.

Halafu Verlyn Haugen, njia ya tatu,
Jumanne na Ijumaa. Miaka arobaini ya breki za treni
ilimwachia viganja visivyofumba vizuri.
Kasha la chuma nyumbani: bastola kumi na moja.
Alileta moja tu, ishirini na mbili, mpini wa mti wa jozi
uliolika pale kidole gumba kinapokaa,
aliyoinunua pamoja na sepetu mwaka sabini na moja.
Nilimwuliza kwa nini. Akasema risasi zake ni rahisi.
Wiki nyingine akasema haimpigi teke.
Wiki nyingine, akiokota maganda yake mwenyewe,
akasema Ardis naye alikuwa akiipenda,
na kwamba mlio wake ni mdogo,
unaweza kumfikiria mtu katikati.
Sikuuliza tena.

Wanawe walikuja Aprili na orodha.
Kumi zilinuka mafuta, safi kama vijiko vya wageni;
wakazigawana kwa makelele kwenye maegesho yangu.
Ile ya kumi na moja niliipima kwa macho:
dola themanini, nikasema, kwa kumheshimu marehemu.
Wakaangaliana. Wakairudisha mfukoni.

Njia ya tatu ilikaa safi hadi Juni.
Niliifagia vivyo hivyo; mkono una mazoea yake.

Jana akaja mjukuu, Joelle, vidole vifupi vile vile,
akaiweka kaunta imefungwa kwa taulo la jikoni.
"Inakula nini hii?"
Nikamtolea kasha la risasi hamsini, dola nne na senti.
Akauliza kama hamsini zinatosha.
Nikautazama ufagio.
"Chukua mia mbili," nikamwambia.