Migongo ya Stakabadhi

Daktari Lu wa Ligula, akimshona Somoe mguu,
alinihadithia ili nisitazame sindano:
zamani za wafalme, huko kwao, palikuwa na karani,
mchana akiandika barua za wakubwa,
usiku akiandika maisha yake.
Baridi ilipogandisha wino
mkewe aliubana kwapani hadi uyeyuke.
Kitabu kilipowafikia wajukuu
nusu ilikwisha liwa na wadudu.
"Na jina lake nani?" nikauliza.
Akakata uzi. "Lilikuwa kwenye nusu ile."

Mimi nami karani.
Miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya korosho, Newala,
nimeandika majina ya watu na kilo zao,
daraja la kwanza, daraja la pili, unyevu.
Langu sikuliandika popote
ila kule chini, penye neno Sahihi.

Somoe hayupo sasa.
Nageuza stakabadhi, naandika mgongoni:

kwamba chumba cha kwanza kilivuja upande wa mlango,
tukalala ukutani kwa zamu, na zamu yake hakuidai;

kwamba saa tisa usiku aliteremka bondeni kuchota maji,
akarudi na jani la mpera likielea ndooni,
"ili yasicheke njiani," alisema;

kwamba mwaka wa deni tuliuza redio, kisha khanga za arusi,
tukala ming'oko siku kumi na nne,
naye akipakua huniuliza, uso mkavu,
"Bwana, nikuongeze nyama?"

kwamba (hili hata yeye sikumwambia)
msimu ule ule niliiminya mizani,
kilo mbili kila gunia la Bibi Chilumba
asiyejua kusoma.
Alinishukuru.
Kila mwaka alituletea kuku.

Hilo limekula stakabadhi nne.
Naliandika, nalikata,
naliandika.

Hapa wino haugandi. Kuna ukungu tu
unaolegeza karatasi alfajiri,
na mchwa, wasomaji wepesi kuliko wajukuu wangu.
Lakini biki yangu ni ya zamani, hugoma.
Naisugua viganjani, naipulizia,
kisha, kwa kuwa hakuna anayeniona,
naibana kwapani,
upande aliokuwa akilalia.